Mashavu ya Mama Sheila

Mama Sheila ni jirani yangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Jina lake ni Igoki. Alizaliwa Kanyakine, kule Meru, akaolewa huku kwetu na Ireri. Wana duka la mbegu na mbolea karibu na soko. Mimi ni Lydiah. Ni nesi, na majirani huniita Sista. Habari hii naisimulia kwa ruhusa yake. Aliniambia niiandike yote, hata pale inaponiaibisha mimi mwenyewe, na mahali hapo papo.

Igoki si mtu wa kukaa bure. Saa moja asubuhi duka limefunguliwa. Anajua mahindi yanayofaa Karurumo na yanayofaa kule chini kwenye ukame. Jumatano mchana anafunga mapema kwa sababu ya mkutano wa akina mama wa kanisa. Yeye ndiye mwenyekiti wao. Akisema jambo limekwisha, limekwisha. Mimi mwenyewe, na mdomo wangu wote huu, nilikuwa namwogopa kidogo.

Mwaka wa 1996 watu walikuwa wanabadilisha vitambulisho. Igoki alipanga foleni kama sisi wote. Alipofikiwa, kijana mwenye kamera alimwambia, "Cucu, inua kidevu kidogo." Cucu ni bibi, nyanya. Igoki alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hakuwa na mjukuu hata mmoja. Aliinua kidevu, akapigwa picha.

Kitambulisho kilipotoka aliniletea nikione. Picha haikumhurumia. Nyama za mashavu zilikuwa zimeteremka, zikaning'inia pande zote mbili za taya. Chini ya kidevu ngozi ilikuwa imelegea. Nilimwambia ndio umri, sote tunaelekea huko. Alinikata jicho. Akasema huyo si yeye, huyo ni marehemu mama yake.

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Alinunua mafuta ya kujipaka, mkebe baada ya mkebe. Alilala amejifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini. Ireri alimwambia kwamba yeye hana shida na uso huo. Ireri ni mtu mwema, lakini maneno yale hayakusaidia. Baada ya miezi mitatu ngozi ilikuwa laini zaidi, na mashavu yalikuwa palepale.

Jioni moja alikuja kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amepata mtu. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyekodi chumba nyuma ya maduka. Aliwadunga watu sindano ya mafuta fulani usoni. Shavu linajaa siku hiyo hiyo, nawe unakwenda nyumbani.

Mimi nikiudhika sauti yangu inafika barabarani. Siku hiyo ilifika. Nilimuuliza ni mafuta gani hayo, akasema hajui. Nikamuuliza sindano inatoka wapi, hajui. Nikamwambia mafuta yakishaingia chini ya ngozi hayatoki. Yanahama. Yanaganda, yanakuwa mabonge, na hata baada ya miaka yanaweza kutoa vidonda. Na sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine inaweza kukupa Ukimwi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Basi nionyeshe njia nyingine, Sista. Usinipigie kelele tu."

Alisema kweli. Kelele si dawa. Nikampeleka kwa Daktari Elmi.

Daktari Elmi alikuwa bingwa wa upasuaji wa ngozi na sura. Alikuja Embu Alhamisi moja kila mwezi, nami nilimsaidia kliniki. Upasuaji aliufanya Meru mjini, katika hospitali ndogo ya binafsi. Kazi yake kubwa ilikuwa watoto walioungua moto na wenye midomo iliyopasuka. Alizaliwa Maua, huko huko Meru, baba yake akiwa na malori, na Kimeru alikijua kunishinda. Alimsalimia Igoki kwa lugha ya kwao, na Igoki akalegeza mabega.

Daktari alimshika taya, akaivuta ngozi juu taratibu, akaiachilia. Akamwambia asimfiche kitu, aseme anataka nini. Igoki akasema anataka nyama hizi ziondoke na asiitwe cucu na watoto wa watu.

"Sikiza, mama," akasema daktari. "Hakuna mafuta ya kupaka yanayoinua shavu. Yanalainisha juu tu. Upasuaji unaweza, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mkato mfupi mbele ya sikio. Unakaza kidogo, unapona mapema, lakini haugusi shingo na haudumu sana. Unafaa mtu ambaye ndio anaanza kulegea. Wa pili ni mpana. Mkato unapita mbele ya sikio na kuzunguka nyuma. Ninainua ngozi, ninakaza na nyama za chini yake, na shingo pia. Ukivuta shuka peke yake juu ya blanketi iliyokunjamana, mikunjo inabaki. Lazima unyooshe blanketi kwanza. Kupona kwake ni polepole. Wiki mbili au tatu umevimba, una alama nyeusi, na ngozi inakufa ganzi kwa miezi."

Igoki akauliza kama kuna njia ya tatu. Daktari akacheka. "Ipo. Kuuacha uso kama ulivyo. Haina mkato wala hatari, na wengi wakishanisikia huichagua hiyo. Kwako wewe, ukitaka kufanya, unaofaa ni mpana. Ule mfupi hautakutosha."

Lakini Igoki alichagua mfupi. Daktari alimuuliza mara mbili, naye akashikilia huo huo. Aliniambia tulipotoka kwamba wiki mbili au tatu za uso uliovimba hawezi kuzieleza kanisani. Mkato mfupi angeusingizia jino. Alichagua kwa kufuata siri, hakufuata uso wake. Nililiona hilo, nikanyamaza.

Kabla hatujaondoka nilijaza fomu. Hapa ndipo pa aibu yangu, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Nilimpima presha, ikawa sawa. Nilimuuliza kama ana kisukari, akasema hapana. Nilitazama masikio yake mahali alipotogwa alipokuwa msichana, maana sisi watu weusi wengine kovu letu huvimba likawa uvimbe mkubwa. Yake yalikuwa safi. Kisha nikauliza, "Unavuta sigara?" Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mimi? Sista, mimi nimeokoka." Tukacheka. Nikaandika hapana.

Siku ilipofika tulikwenda Meru, yeye, Ireri na mimi. Alilazwa jioni. Asubuhi saa kumi na mbili nilikwenda kumwandaa. Hakupaswa kula wala kunywa chochote. Kitanda kilikuwa tupu. Nikamsikia chooni anapiga chafya. Moja, mbili, tatu.

Mtu mwenye mafua hatiliwi dawa ya usingizi hivi hivi, kifua kinaweza kumletea matata. Nikamngoja mlangoni. Alipotoka alisema ni vumbi. Nikamwomba anipe leso nione rangi ya kamasi. Akaificha mgongoni. Hapo nilijua kuna jambo. Nikamshika mkono kwa nguvu ambazo sijivunii, nikaifungua ile leso.

Ilikuwa na madoa ya kahawia. Na harufu yake ningeijua hata usingizini, maana bibi yangu alizikwa nayo. Mbaki. Ugoro, tumbaku ya kusaga.

Nilishindwa hata kukasirika.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nizae Sheila. Kichwa kilikuwa kinaniuma, mama akanipa kidogo." Sheila alikuwa na miaka ishirini na minne.

Nikamwambia alinidanganya. Akainua uso. "Sikukudanganya. Uliniuliza sigara. Mimi sijawahi kushika sigara maishani mwangu."

Na ilikuwa kweli. Nilizaliwa huku. Nimewaona akina mama wangapi wakigeuka ukutani, wakivuta puani, wakajifuta haraka? Kwetu hakuna anayesema mama fulani anavuta. Sigara ni ya wanaume barabarani. Mbaki ni dawa ya kichwa, ni ya wazee, ni kitu kidogo tu. Hata mimi niliyesoma, niliposhika kalamu nilisahau kwamba ni tumbaku ile ile. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwambia lazima daktari ajue kabla yeye hajaingizwa thieta, chumba cha upasuaji. Akanishika nguo.

"Lydiah, nakuomba." Hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. "Mwaka juzi tulimsimamisha Rwamba kwa sababu ya hii kitu. Alikuwa makamu wangu. Mimi ndio nilisimama nikasema mtu wa tumbaku hawezi kuongoza akina mama. Alilia mbele yangu. Na siku hiyo mimi nilikuwa nayo kwenye sidiria." Akaikaza nguo yangu ngumini. "Ireri mwenyewe hajui. Ukimwaga hii maneno, mimi nimekwisha. Wacha nipasuliwe. Ni kidogo tu, itapona."

Toroli ilikuwa imekwisha kufika kwenye korido. Niliyasikia magurudumu yake. Nilikuwa na fomu mkononi yenye mwandiko wangu uliosema hapana. Kusema kweli, shetani alinipitia. Nilifikiri, ni mkato mfupi, huenda kweli itapona, na hakuna atakayejua nilivyokosea. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, na mpaka leo sijajisamehe hizo pumzi mbili.

Kisha nikamwambia, "Mama Sheila, siri ni yako, lakini ngozi ikioza, itaoza mbele ya kila mtu. Mimi sitakusukuma hiyo toroli. Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi. Afadhali wewe."

Alinitazama kwa chuki. Kweli, ilikuwa chuki. Akaniambia nikifungua mdomo nisimjue tena, nisikanyage kwake, hata akifa nisije kumzika. Nikasema sawa. Lakini sikutoka mlangoni.

Daktari Elmi akaja na kalamu ya kuchora mistari usoni. Alituona, akasimama. Akauliza kuna nini. Ireri naye alikuwa ameamka kwenye benchi la korido, akasogea nyuma yake. Mimi nilihesabu moyoni. Niliahidi kwamba nikifika kumi nitasema mimi.

Nilifika saba. Igoki akafungua ngumi, akamwonyesha leso.

"Daktari, mimi natumia mbaki," akasema. "Kila siku. Hata sasa hivi."

Daktari aliifunika kalamu yake kwa kifuniko, akaitia mfukoni. Hakugomba. Aliketi kitandani kando yake.

"Ungeingia vile, mama, ningekukata bila kujua," akasema. "Ndani ya tumbaku mna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta moshi, ukinusa, ukiweka mdomoni, yote ni mamoja, inaingia kwenye damu. Inabana mishipa midogo ya damu. Mimi nikishainua ngozi ya uso, inabaki hai kwa damu ya ile mishipa midogo peke yake. Ikibanwa, ngozi inakosa damu. Inageuka nyeusi, inakufa, hapa mbele ya sikio na hapa nyuma. Unabaki na kidonda cha miezi na kovu la maisha. Hapo hata wewe ungetamani yale mashavu yako ya kwanza."

Igoki akauliza kama anaweza kupasuliwa kesho yake. Daktari akatikisa kichwa. Alimtaka aache kabisa, wiki sita kabla na wiki sita baada, na kama ana akili asirudie milele. Halafu akanigeukia mimi. Nilimwonyesha fomu nikamwambia kosa ni langu. Akaisoma. Akasema na yeye, mtu wa Maua, alipaswa kuuliza. Hiyo ilinituliza kidogo tu.

Ireri alichukua kikapu cha nguo za mkewe, akakibeba. Tulirudi Embu sote watatu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Igoki alikuwa hanisemeshi. Ireri ndiye aliyekuja kuniambia kwamba mkewe halali, kichwa kinampasuka, anagombana na wateja mpaka mmoja akaacha gunia la mbegu dukani akaenda zake. Nikampa Ireri maagizo yote ampelekee. Anywe maji mengi. Achukue panadol kichwa kikizidi. Hamu ikija, asubiri dakika kumi huku mikono ikifanya kazi, maana hamu haikai, inapita. Akae mbali na wanaonusa. Na akianguka siku moja, asiseme basi, aanze tena kesho yake.

Alianguka mara moja, siku ya tano. Nilijua kwa sababu alikuja kwangu mwenyewe, akasimama mlangoni akilia. "Nimeshindwa, Sista." Nilimwingiza ndani nikamtilia uji. Sikumpigia kelele. Alikunywa, akaniambia sasa anahesabu upya, leo ni siku ya kwanza. Urafiki wetu ulirudi hivyo, bila hotuba.

Alikaa wiki kumi bila kunusa ndipo tuliporudi kliniki. Safari hii swali niliuliza vizuri. Sikuuliza sigara. Niliuliza tumbaku ya aina yoyote, ya moshi, ya pua, ya mdomo, na mara ya mwisho ni lini. Igoki akataja tarehe bila kufikiri.

Daktari akamuuliza kama bado anautaka ule mkato mfupi. Igoki akasema hapana. Anataka ule unaomfaa, mpana, na akivimba atavimba. "Sina tena kitu cha kuficha kwa hizo wiki tatu," akasema. Daktari alimkumbusha kwamba bado anaweza kuacha yote. Igoki akasema ameshafikiri vya kutosha.

Alipasuliwa Meru mwezi wa Julai. Upasuaji ulichukua saa nne, na saa hizo nne nilijikuta nikiomba kwa sauti. Siku ya tatu uso wake ulikuwa umevimba mpaka Ireri alicheka, kisha akaogopa, kisha akacheka tena. Kila asubuhi nilifungua bendeji nikitafuta weusi mbele ya masikio. Ngozi ilikuwa na joto. Ilikuwa na rangi yake. Siku ya kumi tulitoa nyuzi za mwisho, na kidonda kilikuwa kimefunga chote, kikavu. Baada ya miezi miwili alikuwa Igoki yule yule, wala hakuonekana msichana. Taya lake lilionekana tena, na shingo ilitulia. Sehemu iliyobaki na ganzi karibu na sikio alisema haimsumbui.

Watu walisema, bila shaka. Kuna walionong'ona kwamba alikwenda kwa mganga. Wengine walisema aling'olewa meno yote. Jumatano moja akaniomba nimsindikize kwenye mkutano wa akina mama. Mimi si wa kanisa lao, nikakaa nyuma karibu na mlango. Hata Rwamba alikuwepo, ameketi peke yake mwisho wa benchi kama alivyozoea tangu asimamishwe.

Igoki alisimama mbele. Hakufungua kitabu. Aliwaambia alipasuliwa uso, na kwa nini. Akawaeleza namna mbili za upasuaji, na ile ya tatu ya kuuacha uso ulivyo. Akawaambia juu ya jamaa wa sindano, wasimkaribie. Kisha akashika meza.

"Mimi nimenusa mbaki miaka ishirini na minne, mpaka nilipoacha kwa sababu ya upasuaji," akasema. "Nilikuwa nainusa siku ile nilimsimamisha Rwamba. Rwamba, nilikukosea mbele ya watu, kwa hivyo nakuomba msamaha mbele ya watu. Uenyekiti nauacha hapa mezani. Muamue nyinyi."

Nilimwona Rwamba ameinamisha kichwa. Niliangalia mlango, nikapima kama naweza kumtoa Igoki kabla hawajamrukia. Mbele kabisa alikuwa ameketi mama Ciakuthii, mwenye miaka sabini, mkali kuliko wote, ambaye ndiye aliyeandika barua ya kumfukuza Rwamba kwenye uongozi. Akasimama polepole. Nikasema moyoni, haya, sasa.

Ciakuthii alitazama kulia na kushoto. Akaweka mkono juu ya mkoba wake, akaukaza.

"Mwenyekiti," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo wiki ya kwanza, uliipita namna gani?"

Nyuma yake, mama mwingine akasogeza kiti karibu ili asikie jibu. Kisha mwingine. Rwamba akainuka kutoka mwisho wa benchi, akaja mbele, akaketi kando ya Ciakuthii.

Igoki akaanza kuwaambia, kuanzia siku ya kwanza.